Shanga za Riziki Zilipobana

Siku ile mdogo wangu Riziki alipopanda mzani miguu mitupu, uani kwake hapa Madungu, naiona mpaka leo. Nisingeitaja, lakini weye mwanangu umeniuliza kwa nini kila nikikuona nakukimbilia na futi ya fundi cherehani, ati nataka kukupima kiuno. Haya, kaa nikwambie. Sitarajii makubwa. Wenzio nimewaambia, wakanicheka.

Riziki tulikua naye Micheweni, tukilima mwani. Kutwa tumeinama majini, jioni magunia kichwani, mtu hana pa kuweka mafuta. Akaolewa na Hamadi, mwenye duka hapa Madungu, akastarehe. Na kwetu, mwanangu, mke akistarehe lazima aonekane kastarehe. Kiunoni alikuwa na shanga alizovishwa na Bi Mize, somo wake aliyemfunda ndoa. Kila zikianza kumbana, Bi Mize hukata uzi, akaongeza shanga nyengine, akamfunga upya kwa vigelegele. "Mashaallah! Hamadi anajua kutunza!" Na Hamadi akisikia huko dukani hutabasamu kutwa nzima.

Binti yangu Salma ndiye aliyeuleta ule mzani. Alikuwa akiwafundisha kina mama mazoezi asubuhi kule uwanja wa Gombani, na mzani wenyewe una visahani vya chuma vya kukanyagia, hupitisha umeme mdogo ambao hata huusikii. Riziki miguu yake myembamba, mikono myembamba, sote tukimwita mwembamba, tumbo limefichwa na dera. Akapanda kwa mbwembwe. Kilo zikatoka za kawaida tu.

"Nilikwambieni!" akacheka. "Mnene nani hapa?"

Salma akabonyeza tena, ikatoka namba nyengine: arobaini na mbili.

"Mama mdogo, haya ni mafuta. Tuugawe mwili wako mafungu mia, basi arobaini na mbili ni mafuta matupu. Kilo hazikwambii kipi nyama, kipi mfupa, kipi mafuta."

Riziki akashuka upesi, kama mzani umemuunguza. Salma akamtuliza. Akamwambia mwanamke kaumbwa na mafuta kumzidi mwanamme, ni ya uzazi, na akiyamaliza nayo huumwa. Ila yake yamezidi, tena yamekaa pabaya, tumboni. Akamzungushia futi kitovuni; kiuno kikapita nusu ya urefu wake, na hilo halikutaka mzani wala umeme. Akamuonya pia asiiogope namba ya siku moja, kwani mzani wa namna ile hubabaika, ukinywa maji mengi au ukitoka jasho hubadilisha maneno. Apime asubuhi kabla ya kula, mzani uleule, aangalie namba inaelekea wapi. Na aende hospitali akapime presha. Akaenda. Presha ilikuwa juu, na mwenyewe hana habari.

Basi, akaingia kazini. Alfajiri akisali anatoka kwenda kuzunguka Gombani na wenzake, wamevaa madera na raba, wanachekana njia nzima. Wali wa nazi wa usiku akaupunguza, soda akaziacha, vidonge vya presha akavinywa. Miezi ikapita, futi ikalegea, namba ikashuka, daktari akafurahi. Shanga zikawa zinamteremka, anazipandisha huku anacheka. Wallahi sijamuona mdogo wangu na furaha ile tangu tuko wasichana.

Sasa njoo kwa watu. Arusini wakaanza: "Riziki, una nini? Unaumwa?" Mwengine pembeni: "Hamadi ana mke wa pili huyo, huyu kamtupa." Bi Mize akaja analia kabisa, machozi. "Mwanangu, unamwaibisha mumeo. Watu wanasema hakulishi." Na Hamadi, mtu mpole yule, maneno yake ya kuhesabu, siku moja akasema mbele yetu: "Mke wangu, dukani wananiuliza kuna njaa gani nyumbani kwangu. Basi. Inatosha."

Lo! Nilitaka nimrukie. Salma akambembeleza mama yake mdogo, akamuonyesha vipimo, akamwambia usirudi nyuma, umeshafika mbali. Riziki akainamisha kichwa.

"Salma mwanangu, maneno yako kweli. Lakini hawa watu weye hukai nao. Mie ndiye ninayekaa nao."

Akaufuta mzani kwa kanga, akamkabidhi.

Tumbo likarudi, tena kwa haraka. Bi Mize akaja na uzi mpya na vigelegele vyake. Vidonge navyo vikaachwa, maana mtu kanawiri hivi, vidonge vya nini? Asubuhi moja anakuna nazi, mie nipo kando yake, mkono wa kulia ukaanguka kwenye sinia. Akataka kuniita, mdomo ukaenda upande. Kiharusi.

Yumo humu ndani kwangu, nilimchukua nimuuguze, chumba hicho hapo. Namlisha, namgeuza, namsafisha. Maneno yamekwisha, kimebaki "ee" tu, na hiyo "ee" ndiyo ndiyo, ndiyo siyo, ndiyo kulia. Na sasa kakonda kweli, mwanangu, mifupa. Wageni wanakuja na mabakuli ya bokoboko, ngano iliyopondwa na nyama, wanakuja na halua, wanamtazama wanasikitika: "Maskini Riziki, kapukutika! Mlisheni, mwili umrudie." Mie napokea bakuli, nasema ahsanteni. Nifanye nini tena? Nimegomba mpaka sauti imenikauka. Hamadi anakuja kila Ijumaa, anakaa kizingitini kwa sababu hawezi kumtazama, analia, anaondoka. Siwezi hata kumchukia.

Haya mwanangu, wasia wangu ni mdogo na utausikia ukitaka. Jipime. Kiuno chako kisifike nusu ya urefu wako. Usidanganywe na miguu myembamba, wala na kilo. Ukipata mzani wa mafuta, usome kwa utulivu, usijivune nao wala usijitese kwa njaa kwa ajili yake. Presha uijue kabla haijakujua. Na watakapokuja kukwambia umekonda, umetupwa, una maradhi, na watakuja, waache waseme mpaka wachoke. Siku ya kugeuzwa kitandani watakuletea bakuli, lakini wa kukugeuza si wao.

Mungu akupe siha, mwanangu, na akupe ukaidi wa kuilinda. Mdogo wangu nimemuombea siha miaka, asubuhi na jioni. Siku hizi namuombea wepesi tu.