Kidonge cha Kwanza na Kinu cha Jiwe

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu Neema, na ndiyo iliyonifanya niiache simu mezani jana uliponipigia kutoka chuoni. Ulidhani mtandao wa huku Chapwa, Tunduma, umekatika. Haukukatika. Uliposema kidonge chako cha maabara kinatunza umeme na papo hapo kinanasa kwenye sumaku, tena mezani tu, bila kupozwa, na kwamba msimamizi wako anataka mkitangaze wiki hii, shangazi yako alikwenda kabatini kutafuta kinu cha jiwe.

Nami nilikuwa msichana wa maabara, nikifundishwa na Mwalimu Haonga, Mnyiha wa Nanyala, mtu wa maneno machache. Tulitafuta hicho hicho unachokitafuta wewe: kitu kimoja ambacho ndani yake chaji za umeme zimejipanga zenyewe, na vijisumaku vyake navyo vimejipanga, katika joto la kawaida la chumba. Vitu vingi vinavyoweza yote mawili huyaweza kwenye baridi kali tu, na hakuna atakayetembea na simu ndani ya barafu. Tulisaga unga wa madini ya bismathi na wa kutu ya chuma, tukaukandamiza kuwa kidonge, tukakichoma kwenye tanuru. Siku hiyo kidonge kilishika umeme, na nilipokisogezea sumaku kikairukia. Nilipiga vigelegele peke yangu. Wafadhili walikuwa wanakuja wiki iliyofuata, na masomo yangu yote yalikuwa mikononi mwao.

Mwalimu hakushangilia. Babu yake alikuwa mhunzi, na katika ukoo wao jembe la kwanza la chuma kipya halikuuzwa wala kutolewa zawadi. Mhunzi alilimia shamba lake mwenyewe kwanza, mpaka alijue. Basi akaniambia nisage upya kwa kinu chake cha jiwe, niachane na kile cha chuma tulichokizoea. Nilisaga huku nimenuna. Kidonge cha pili kilishika umeme kama cha kwanza, lakini sumaku ilipita juu yake, chenyewe kimelala tu. Mvuto wote ulikuwa wa vumbi la chuma lililobanduka kwenye kinu.

"Mwalimu, tukiwaambia hivyo, mimi narudi Tunduma," nilisema.

"Utarudi, Tusekile, na mimi nitaumia," alijibu. "Ila hiki kikitoka hapa kwa jina letu, kuna mtoto wa mtu mahali fulani atamaliza ujana wake akikitafuta, asikipate."

Aliwaambia wageni yeye mwenyewe, vidonge vyote viwili vikiwa mezani. Waliaga kwa heshima, wala hawakurudi. Nikarudi huku Tunduma kufundisha fizikia sekondari, malori ya kwenda Zambia yakinguruma nje ya darasa. Nilimkasirikia mzee yule kwa miaka, sikufichi. Hasira ilipungua polepole, kila nilipomwambia mwanafunzi kwamba jambo fulani silijui, bila kuona haya, nikakumbuka tabia hiyo niliitoa kwa nani. Alipofariki, mjane wake aliniletea kile kinu.

Sasa nisikilize, mwanangu. Cha kwanza usikitangaze. Saga tena kwa chombo kisicho na chuma, choma tena, kisha sumaku ikuonyeshe itakachokuonyesha, nawe uandike hivyo hivyo, hata msimamizi akikukunjia uso. Kikinasa tena, nitacheza mbele za watu na uzee wangu huu. Kisiponasa, huenda utarudi nyumbani kama nilivyorudi mimi, na chumba chako kipo. Naogopa kwa ajili yako, na usiku wa jana sikupata usingizi. Lakini namwogopea zaidi huyo mtoto wa mtu ambaye Mwalimu alinitajia, maana safari hii anaweza kuwa mwanafunzi wako.

Kinu nimekipakia kwenye basi la leo asubuhi, nimekifunga kwa kitenge. Kakipokee stendi. Mungu aibariki mikono yako, akupe ulichokitafuta, na kama sicho, akupe moyo wa kusema sicho.