Kioo Juu ya Ufa

Ndugu yangu alikuwa akila ugali na sukuma, mguu mmoja ameuweka juu ya kreti, akinisimulia mambo ya kazini kama afanyavyo kila jioni. Yeye ni fundi wa vyuma. Hukata vyuma na kuvifunga kwa waya kabla konkriti haijamwagwa. Juma lile alikuwa amehamia mjengo mwingine huko Kilimani, mahali wanapochimba orofa tatu za kuegesha magari chini ya ardhi.

"Siz, kuna ukuta huko unatoka jasho," akaniambia.

"Jasho gani?"

"Jasho tu. Pande zote za shimo udongo umekauka, lakini upande mmoja unalia mchana kutwa. Na hayo maji yananuka dawa, kama ya hospitali. Tunaambiana mwenye upele aende aoge hapo, apone." Akacheka mpaka akapaliwa.

Nilimuuliza mjengo wenyewe uko wapi hasa. Akasema uko nyuma ya nyumba ya zamani yenye vigae vyekundu, ile pekee iliyobaki katikati ya maghorofa. Nikarudisha tonge kwenye sahani. Nyumba hiyo niliijua. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimeziba ufa katika bwawa la kuogelea lililo nyuma yake, nikalijaza maji, nikayatia dawa mimi mwenyewe. Yale maji yaliyokuwa yakiwachekesha yalikuwa yametoka mikononi mwangu, na ndugu yangu alikuwa akifanya kazi chini yake.

Kazi ya mabwawa sikuisomea. Niliacha shule kidato cha pili, nikaanza kubeba maji ya kuchanganyia simiti. Baadaye fundi mmoja wa mabwawa akanichukua nimsaidie kusugua ukungu, na polepole nikajua kuziba. Katika shule ya msingi tuliandika insha nyingi juu ya methali ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta, nami niliipenda kuliko zote. Nilipokuwa na mwiko mkononi niliona kama ilitungwa kwa ajili yangu.

Kwa hiyo yule mama wa Kilimani aliponiita, niliziba. Ni mama mzee, alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na daktari alimwagiza afanye mazoezi katika maji ya moto. Jakuzi yake, birika dogo la maji hayo ya moto, imejengwa ubavuni mwa bwawa, vikitumia ukuta mmoja. Ufa ulianzia pale vinapokutana, ukashuka hadi kwenye kina kirefu, ukaelekea ukuta wa mpaka. Niliupanua kwa patasi, nikauosha, nikaujaza dawa ya kuzibia, nikapiga plasta, nikarudisha vigae vidogo vya bluu kimoja kimoja. Baada ya kujaza maji nilisimamisha ndoo iliyojaa kwenye ngazi ya bwawa, nikatia alama ya maji ndani ya ndoo na nje yake. Yakipungua sawasawa, ni jua linalokula. Ya nje yakipungua zaidi, bwawa linavuja. Siku ya pili alama zilikuwa sawa. Mama aliingia kwenye jakuzi akafumba macho, akasema, "Fundi, Mungu akubariki mikono." Nikarudi nyumbani Riruta nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Sikuwa nimejiuliza jambo moja: ule ufa ulikuwa umekwisha kutembea, au ulikuwa bado safarini? Yule fundi aliyenifundisha alikuwa akisema kuna ufa mfu na ufa hai. Ufa mfu unauziba unausahau. Ufa hai ukiuziba, umeufunika macho tu.

Baba yetu alikuwa mchimba visima. Mama yetu alikuwa ameshatangulia, kwa maradhi. Nilimpelekea baba chai asubuhi moja, nikaona mstari mwembamba ardhini ukizunguka mdomo wa kisima, kama alama ya kikombe mezani. Baba naye aliuona. Aliukanyagakanyaga kwa kisigino, udongo ukajaa, mstari ukapotea, akanywa chai yake akashuka. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilidhani watu wazima wanajua. Kabla ya saa sita waliniita darasani. Kuanzia siku hiyo nikawa mkubwa wa nyumba, na wadogo zangu watatu wakawa wananitazama mimi kujua kama kuna chakula.

Sasa nilimtazama huyu anayenifuata, mwanamume wa miaka ishirini na sita, akifuta sahani kwa tonge la mwisho.

"Kesho usiende," nikamwambia.

"Nisiende niseme nini? Siz yangu ameota?"

"Ule ukuta ni bwawa langu linavuja."

"Si ni maji tu! Hata mvua ni maji." Akainuka kunawa mikono. "Nisipofika saa moja, saa moja na dakika moja kuna mtu mwingine amevaa gloves zangu. Unawajua."

Alfajiri nilifika Kilimani kabla mlinzi hajazima taa za getini. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yameshuka upana wa kiganja. Nikachungulia juu ya ukuta wa mpaka. Chini, mbali kuliko nilivyotarajia, watu walikuwa wakishuka kwa ngazi wakiwa wadogo kama wadudu, na kofia zao za manjano sikuweza kutofautisha ipi ni yake.

Mama alitoka na mkongojo na taulo begani, tayari kwa maji yake ya asubuhi.

"Mama, nataka kutoa maji yote. Leo."

"Yote? Ulinizibia juzi tu, fundi. Nilikuamini."

"Nilikosea."

Akampigia mwanawe aliye ng'ambo, akaweka simu sauti kubwa. Mwanawe akasema hakuna haja, maji yawe yanaongezwa tu, na kama kuna shida ni ya wale waliochimba shimo karibu hivyo, waachiwe wenyewe. Mama akanitazama kama mtu anayesema, umesikia. Siyo kawaida yangu kuwaeleza wenye nyumba mambo ya kwetu.

"Mama, ndugu yangu yuko ndani ya hilo shimo. Hapo chini, hapo hapo."

Akaliangalia bwawa, akauangalia ukuta, kisha akalikunja taulo lake mara mbili, mara tatu.

"Washa pampu," akasema.

Nilivuta bomba hadi mtaro wa mbele, barabarani, tone lisirudi nyuma. Pampu ilinguruma mchana mzima. Chini yake nilisikia nyundo za mjengo, na kila ziliponyamaza kwa pamoja mwili wangu ulisimama, nikangoja mpaka moja ilie tena. Mara mbili nilisikia kicheko ambacho ningeweza kuapa ni chake. Nilitamani aache kucheka. Niliona kama hata kicheko kingeweza kuutikisa ule udongo.

Alasiri maji yaliisha. Plasta yangu ilikuwa nzima, nzuri kabisa, na kando yake, upana wa vidole viwili tu, ufa mpya ulikuwa umejifungulia njia. Nikatoa vipande vitatu vya kioo nilivyokuwa nimekatiwa na muuza vioo wa Riruta, vyembamba, kila kimoja urefu wa kidole. Nikavibandika kwa gundi juu ya ufa, ncha moja upande huu na nyingine upande ule, nikaandika tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika. Kioo hakijui kunyumbuka. Ardhi ikisogea hata unene wa unywele, kinakuambia.

Nilijiambia maji yametoka, uzito umetoka, sasa patatulia.

Asubuhi iliyofuata, Jumatano, vioo viwili vilikuwa vizima. Cha tatu, kilicho karibu na ukuta wa mpaka, kilikuwa vipande viwili.

Bwawa lilikuwa tupu na ufa ulikuwa ungali unatembea. Maana yake haikuwa maji yangu peke yake. Kilichokuwa kikienda ni kiwanja chenyewe, kikielekea shimoni.

Nilibandua nusu ya kile kioo, nikaifunga kwenye leso, nikazunguka hadi geti la mjengo. Mama anayewauzia chai alikuwa akiingia na thamosi mbili. Nikampokea moja, nikaingia naye. Nilikuwa na ovaroli na buti, hakuna aliyeniuliza kitu. Pale juu ya ngazi ya kushukia ndipo miguu ilipokataa. Tangu kisima cha baba sikuwahi kuingia mahali palipochimbwa kupita kimo changu kwa ajili ya kitu kingine zaidi ya bwawa, na bwawa lina ngazi na vigae, na mbingu iko karibu. Nilishuka nikiwa nimeutazama udongo, nikihesabu vidato. Vilikuwa ishirini na tisa.

Ndugu yangu alikuwa amechuchumaa chini ya ule ukuta. Ulikuwa mweusi kwa maji, unang'aa. Harufu ya dawa ilinipiga kabla sijamfikia.

"Siz! Nani amekuruhusu?"

Nyapara, mzee mfupi mwenye kofia nyekundu, akaja. "Huyu ni nani?"

"Ni... ni siz yangu."

"Ameleta lanchi?" Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Kumbe huyu jamaa bado analelewa! Siz, umesahau nepi!"

Nilifungua leso nikamwonyesha nyapara kioo, nikamweleza nilikibandika wapi na nilikikuta vipi. Alikigeuza kwenye mwanga kama mtu anayekagua noti.

"Glasi hupasuka kwa jua, mama. Mimi nimechimba mashimo tangu ukiwa chekechea. Anayeniambia ukuta ni mbaya ni injinia."

"Mwite."

"Anakuja Ijumaa."

"Basi nitamngoja."

"Utamngoja wapi?"

"Hapa."

Nikaenda nikasimama kando ya ndugu yangu, mgongo nimeuegemeza kwenye ule ukuta. Maji baridi yalipenya ovaroli yakashuka hadi kiunoni. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Nilikuwa nikiogopa hata kupumua kwa nguvu, na nilihisi kila punje ya udongo nyuma yangu kama vidole. Ila nilijua nikipanda ile ngazi peke yangu nitakuwa tena yule msichana wa chai, anayeona mstari na kunyamaza.

Wale wengine walirudi kazini wakitikisa vichwa. Ndugu yangu aliendelea kufunga waya bila kuniangalia.

"Toka, siz."

"Toka nami."

"Unaniaibisha."

"Najua."

Akafunga kiungo kimoja. Akafunga cha pili. Koleo lilikuwa likimteleza, na yeye ni mtu ambaye koleo halimtelezi. Ndipo donge la udongo, dogo, lisilotosha kujaza kiganja, likadondoka kutoka juu likalia tap juu ya kofia yake. Lingine likafuata likaangukia begani mwangu.

Hakuna aliyecheka. Ndugu yangu alitazama juu. Kisha akatia koleo mfukoni.

"Twende," akasema.

Alinitanguliza kwenye ngazi. Nilisikia buti zake nyuma yangu, na nilipofika juu niligeuka nikaona buti nyingine nyuma yake, na nyingine. Saa ya chai ilikuwa bado. Nyapara alibaki chini amesimama, simu sikioni, macho hayatoki kwenye ule ukuta.

Injinia hakungoja Ijumaa. Alikuja alasiri hiyo, akafunga upande ule wa shimo, na kwa wiki tatu waliupigia ukuta vyuma na konkriti kabla mtu yeyote hajaruhusiwa kuukaribia. Haukuanguka. Lazima niseme hivyo, kwa kuwa ndugu yangu hunikumbusha. Nafasi yake ilichukuliwa na mtu mwingine, akakaa nyumbani siku nyingi akiangalia dari, mpaka akapata mjengo Parklands. Siku kumi za kwanza hakunisemesha, alisema na wadogo zetu tu, nami nikiwapo hapo hapo: "Mwambieni siz anipitishie chumvi." Baadaye alianza kutania. "Si ulisimama, ule ukuta?"

"Ulisimama."

"Haya."

Sijui kama ungeanguka. Nimeota ndoto ambamo umeanguka, na nimeamka nikaenda kusimama mlangoni mwa chumba chake nikisikiliza pumzi.

Jakuzi ya yule mama wa Kilimani niliitenganisha na bwawa. Nilikata ukuta uliotumiwa na vyote viwili, nikaijengea ukuta wake yenyewe upande wa nyumba, mbali na ufa, na sasa mama huketi humo maji yakimfika shingoni. Bwawa liko tupu. Jengo la jirani limepanda hadi orofa ya tano. Bado nimeacha vioo juu ya ule ufa, vipya, na kila baada ya wiki mbili hupita kuvitazama. Mama huniachia geti wazi.

Jumamosi iliyopita ndugu yangu alikuja nami, nilihitaji mtu wa kunisaidia kubeba pampu. Nilipokuwa nikifungua mlango wa stoo, yeye alikuwa ameshashuka kwenye kina kirefu, amepiga magoti.

"Hiki ni cha lini?" akauliza.

"Soma tarehe."

Akaisoma. "Ni kizima. Si nilikuambia?"

"Uliniambia."

Nilidhani angeinuka. Akabaki pale pale, akapitisha ukucha wake juu ya kioo kutoka ncha hadi ncha, taratibu, akiinamisha sikio. Kisha akarudia tena.