Namba Aliyoisoma Bi Inshirah kabla ya Adhana

Siku ya kwanza Haji Fekri alipoingia ofisini kwa Bi Inshirah, nyuma ya soko la samani la mji wa Dumyat, Misri, alikuwa na nia moja tu: kumshusha bei. Mama huyo alikuwa akiwajazia mafundi seremala na wauza vifaa vyao ritani zao za kodi mtandaoni, kwa pauni mia tano kwa mwaka.

"Mia tatu," alisema Haji, muuza gundi na vanishi, hata hajakaa.

"Mia tatu na hamsini, na namba za uthibitisho zitakuja kwenye simu yangu," Bi Inshirah alijibu bila kuinua macho. "Ukitaka zije kwako ni mia tano. Sina miguu ya kukufuata dukani kila saa."

Haji akaona ameshinda. Wenzake thelathini na saba walikuwa wameona vivyo hivyo.

Basi kila Machi soko zima liliishi ndani ya simu moja yenye kioo kilichopasuka. Hata kodi yenyewe walimtumia kwenye akaunti yake ya pesa za simu awalipie, maana hakuna aliyetaka foleni ya benki. Bi Inshirah, mjane wa miaka hamsini na minne, alikula kwenye meza ile ile aliyofanyia kazi, miguu imevimba. Kila walipotaka kufungua kurasa zao za kodi kutoka madukani, mafundi walimpigia awasomee namba, bila hata salamu. "Imeingia? Soma!" Naye akasoma.

Mwaka ule Machi ikaangukia Ramadhani. Siku tatu kabla ya mwisho wa kujaza, pesa za wengine zilikuwa zimeshalipwa. Kwenye akaunti ya Bi Inshirah zilibaki pauni elfu kumi na nane za Haji Fekri. Alasiri alikwenda mwenyewe kuulizia risiti. Imebaki robo saa kabla ya adhana ya magharibi, Haji bado ameketi pale, simu ya Bi Inshirah ikalia.

"Ni mimi, haji. Namba imeingia? Fanya haraka, watu wanasubiri futari!" sauti ya mwanamume ilisema.

Bi Inshirah, aliyekuwa akisinzia, alifungua jicho moja, akasoma tarakimu sita, akakata.

"Nani huyo?" Haji Fekri aliuliza.

"Haji mmojawapo. Mkifunga nyote mna sauti moja."

Dakika mbili baadaye ujumbe mwingine ukaingia. Aliusoma mara mbili, kisha akamgeuzia Haji kioo. Namba ile ilikuwa ya kubadilisha neno la siri la akaunti ya pesa. Ndani hamkubaki kitu.

"Lakini ujumbe wa namba si umeandikwa usimpe mtu!" Haji alisema.

"Umeandikwa. Naona maneno hayo mara arobaini kwa siku. Nikiyatii, mnanitukana."

Walipiga simu, akaunti ikafungwa, lakini pesa zilikuwa zimeshaondoka. Kituo cha polisi kiliwapa karatasi yenye muhuri.

Asubuhi yake Haji alirudi. "Nilipe zote."

"Zote? Nani aliyeogopa foleni ya benki?"

"Aliyesoma namba ni wewe, mama."

"Na aliyetaka urahisi ni wewe, haji. Mwizi alijuaje kwamba sitauliza jina? Mmenizoesha nyinyi."

Wakavutana mpaka adhuhuri, koo zimekauka kwa saumu, hakuna aliyebaki na nguvu ya kupaza sauti. Wakakubaliana nusu kwa nusu. Bi Inshirah akavua bangili moja nyembamba ya dhahabu. Haji hakuona haya. Aliipeleka kwa sonara ikapimwa, akamrudishia pauni mia nne zilizozidi.

Wiki hiyo karatasi ilibandikwa mlangoni: "Namba haisomwi kwa simu, hata kwa baba yangu. Kila mtu aje na simu yake, na kodi yake ailipe mwenyewe." Mafundi kumi na mmoja walinuna, wakahamia kwa mhasibu wa mtaa wa pili, ambaye bado anapokea namba za watu.

Haji Fekri alilipa kodi yake mara moja na nusu, na sasa hupanga foleni benki kama wengine. Bi Inshirah alipoteza bangili na wateja kumi na mmoja. Alichopata ni saa moja ya usingizi kila alasiri, kichwa juu ya meza, mlango umefungwa kwa ndani.