Taa ya Njano Baada ya Mto

Harufu ya tope linalokauka juu ya mashini ya gari iliyo moto hunirudisha moja kwa moja kwenye barabara ya Wamaza. Ni harufu nzito, ya udongo na mpira, na mtu asiyewahi kusukuma gari kule kwetu hawezi kuijua.

Nilikuwa bado msichana mdogo wa shule ya msingi, nimeenda likizo kwa Shangazi Zaina, dada mdogo wa baba. Alikuwa na mimba kubwa na ucheshi mkubwa zaidi. Mtoto akimpiga teke, alisema huyo iko natafuta mulango. Asubuhi moja uchungu ulimshika, ukamshika tena, na mtoto hakuja. Mume wake alikuwa machimboni Salamabila. Muuguzi wa zahanati alimpima, akatoka nje uso umemkunjamana.

"Mumupeleke hospitali Kasongo," alimwambia baba. "Huyu lazima wamupasue. Musikawie."

Kwa bahati baba alikuwa amefika pale na gari ya tajiri wake, jipu. Alikuwa dereva aliyekulia kwenye malori ya zamani, yale yaliyoponywa kwa nyundo, waya na matusi. Jipu hii ilikuwa nyingine. Ndani yake mlikuwa na kisanduku cha umeme, madereva walikiita kalkilatere, na vifaa vidogo vya kukipelekea habari, ndizo kapteri: hewa inaingia kiasi gani, maji yana joto gani, mguu wa dereva unataka nini. Kisanduku kikishapata habari, chenyewe ndicho kiliamua mashini ipewe mafuta kiasi gani. Baba hakukipenda.

"Mimi nasikiliza mashini na masikio," alizoea kusema. "Hii iko nasikiliza nani?"

Tuliondoka, mimi nyuma, kichwa cha shangazi kikiwa mapajani mwangu. Mvua ilikuwa imejaza mto mdogo wa njiani, na tulipovuka, maji yalipanda mpaka juu ya taa za mbele. Tulitokea ng'ambo tukishangilia. Hatukuwa tumefika mbali, taa ya njano ikawaka mbele ya usukani na gari ikalegea. Baba alikanyaga mafuta mpaka chini. Mashini haikuongeza kitu. Haikuzimika pia. Ilijikokota tu, kama mtu aliyetoka hospitali jana.

Baba alisimama, akafunua kifuniko cha mashini, akashika koleo.

"Hii sanduku iko nadanganya! Nitaitoa!"

Shangazi aliinua kichwa.

"Kaka, gari inatembea ao haitembei?"

"Inatembea. Lakini haina nguvu."

"Basi tutembee vile."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi sokoni. Baba alimtazama, akaweka koleo chini, akafunga kifuniko. Tukaenda. Vijana wa pikipiki waliokuwa na mizigo ya Salamabila walitupita wakicheka mwendo wetu. Mmoja alichungulia ndani, akamwona shangazi, akawaita wenzake. Wakaacha pikipiki zao, wakatusukuma mlima mzima, matope yakiwarukia mpaka machoni. Shangazi alikuwa amefumba macho, kimya. Nikafurahi: nilidhani maumivu yamepungua.

Jua lilikuwa linainama tulipofika Kasongo. Daktari alimpasua, na mtoto wa kike akatoka analia kwa hasira, kama aliyecheleweshwa makusudi.

Kesho yake fundi wa umeme alichomoa waya wa kapteri ya hewa, akakuta maji ndani. Akapakausha, akafuta kwa kifaa chake kosa lililoandikwa ndani ya kalkilatere, na nguvu ikarudi.

"Sasa kwa nini ile sanduku ilininyima nguvu?" baba aliuliza. "Mutu alikuwa nakufa mule ndani! Nilitaka hata kuitoa!"

"Haikujua, papa. Kapteri ilinyamaza, nayo ikaogopa kuharibu mashini. Ikakuachia nguvu ya kufika tu. Kama ungeitoa ile sanduku, mungelala pale."

Baba alichukua kitambaa, akakipangusa kile kisanduku tope.

Leo hiyo ndiyo kazi yangu, kusoma makosa ya magari katika gereji moja Kindu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile shangazi aliielewa jipu kuliko sisi sote. Majuzi, tukipepeta mpunga uani kwake, nilimwuliza alijuaje. Akacheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Mimi nijue nini ya magari? Niliona baba yako anaogopa, na koleo iko mukononi. Nikajisemea, nikilia sasa, huyu atakata kila waya."

"Na uchungu, shangazi?"

"Uchungu? Ulikuwa unaniua, mama."

Akaokota ungo, akaendelea na mpunga wake. Njia nzima ile mimi niliuhesabu ukimya wake kuwa nafuu. Kumbe alikuwa anamwendesha baba.