Pampu Iliyomfikisha Mzee Mbio

Fundi mmoja wa mtaani walimwita Tutaona, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila aliyemwonya. Ukimwambia ngazi imeoza, tutaona. Ukimwambia mbwa yule anauma, tutaona. Kwenye shavu la mguu ana kovu la meno, na mpaka leo anashikilia kuwa mwenye makosa ni mbwa.

Alikuwa na pikapu kuukuu, injini ya kabureta. Pampu yake ya petroli ilipokufa, hakuhangaika kutafuta ya aina yake. Alichomoa pampu ya umeme kwenye gari la kisasa lililogongwa, akaifunga. Mkewe, mwenye duka la vipuri, alimweleza kwamba ile inasukuma petroli kwa nguvu kupita kiasi. Ndani ya kabureta kuna kisindano kinachofunga njia petroli ikishatosha, na kisindano hicho hakina ubavu wa kupigana na presha kama ile. Akamletea na regyuleta ya kuipunguza. Tutaona akaiweka dirishani, akaegemezea kioo chake cha kunyolea.

"Gari ni kama mtu," alisema. "Likishiba sana litanenepa tu."

Halikunenepa. Lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likanywa petroli kama mlevi aliyealikwa harusini. Lakini lilikwenda.

Ndipo baba mkwe akafariki. Mzee alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, na kwa miaka yote alisema mkwewe hakuoa binti, alioa duka. Tutaona akang'ang'ania kubeba jeneza kwa pikapu yake. Angalau safari hiyo mzee asingepata mdomo wa kulalamika.

Msafara ulienda mwendo wa pole, na mwendo wa pole ndio ulioleta balaa. Injini ilihitaji petroli kidogo huku pampu ikimwaga bila huruma. Kabureta ikafurika. Karibu na geti la makaburini pikapu ilijikwaa, ikatetema, ikazima. Petroli ikaanza kudondoka chini ya boneti, harufu ikawafikia waombolezaji wote, akiwemo mjomba mmoja aliyekuwa na sigara mdomoni.

"Zima hiyo, mjomba!" mke wa Tutaona alimpigia kelele. "Na nyinyi mshusheni baba, haraka!"

Wanaume wakalivuta jeneza, wakalitia mabegani, wakatimua mbio. Mzee ambaye maishani hakuharakishwa na mtu, hata na bwana harusi anayesubiri suti, aliingia makaburini anakimbizwa. Mwongoza ibada alifika nyuma ya marehemu, anahema. Mjane alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika. Wanawake wakamshika huku na huku wasijue kwamba mama wa watu anacheka.

Tutaona alizima pampu, akachomoa waya wa betri, akabaki peke yake kando ya gari. Aliona aibu, tena aibu ya kweli, maana chini ya ule ubishi alimpenda mzee yule. Hakuna mwingine mtaani aliyemtukana kwa ufundi vile.

Kesho yake, bila kuambiwa, alifunga regyuleta, akaunganisha mpira wa kurudisha petroli ya ziada kwenye tangi. Mkewe alishika geji ya kupimia presha, yeye akizungusha skrubu taratibu mpaka mshale ukashuka ulipotakiwa. Injini ikatulia, ikaunguruma bila kukohoa.

Jioni alikwenda kumwomba radhi mama mkwe. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia akae.

"Mwanangu, tangu mzee aanze kuugua nilikuwa sijacheka," alisema. "Angekuwepo angekutukana wiki nzima, halafu angewasimulia wateja wote."

Tutaona akainamisha kichwa, akalia kama mtoto. Mama mkwe akamwacha alie, akaenda kuweka chai jikoni.