Jani la Mgomba na Njia ya Mbuzi

Wewe kaa, mwanangu. Mimi nitasimama. Tangu uliponionyesha kwenye simu mchoro wa nyumba unayotaka kumjengea mama yako, wenye paa la umbo la jani la mgomba, sijatulia. Ni mzuri mno, na huo uzuri ndio unaonitia wasiwasi.

Nakumbuka siku moja ya msaragambo, hizi kazi zetu za kijiji kizima huku milimani. Baragumu lililia alfajiri, tukapanda na majembe kuchimba mfereji mpya wa kuteremsha maji kutoka ndiva, lile bwawa letu la juu, mpaka shamba la maharage la mama yangu. Mahindi yalikuwa yamekauka yote. Maharage yale yasipopona, nyumbani kwetu hakuna chakula. Mimi nilikuwa kijana wa mbio, kichwa kinachemka. Nikakata jani la mgomba, nikalitandaza mbele ya watu. "Tazameni! Uti wa katikati uwe mfereji mkubwa, hii mishipa ya pembeni iwe vijifereji. Mungu ameshatuchorea!"

Wee! Nilipigiwa makofi. Shangazi yangu Naelijwa, aliyekuwa akigawa zamu za maji ya ndiva, ndiye peke yake hakupiga. "Ngoja kwanza tuangalie," alisema. Nani alikuwa na muda wa kungoja? Tukachimba, uti ukashuka mlima moja kwa moja, umenyooka kama rula.

Tulipofungua ndiva, moyo ulinidunda kwa furaha, mara ukanidunda kwa hofu. Maji hayakugeuka hata kidogo kuingia kwenye vijifereji. Yaliporomoka, yakala kingo, yakazoa udongo pamoja na maharage, yakatupa bondeni. Mpaka tuzibe mlango wa ndiva kwa mawe na magome ya migomba, nusu ya shamba ilikwisha kwenda. Mama alishika kichwa. Hata leo nikisikia maji yanakimbia mahali, lazima nitoke nikaangalie.

Shangazi alinivuta mkono mpaka mgombani, akamwaga maji ya kibuyu juu ya jani. Yakakimbilia kwenye uti, yakateremka mpaka shinani.

"Umeona kazi yake?" alifoka. "Jani linayaharakisha maji yafike kwenye mizizi. Sisi tunataka maji yatembee! Umechukua sura, kazi yake hukuiuliza."

"Nisamehe, shangazi."

"Msamaha kamwombe mama yako. Haya, niambie, nani anashuka mlima huu kila siku bila kuporomoka?"

Nikatazama. Njia za mbuzi zilikatiza ubavu wa mlima, zinazunguka, zinapinda, zinateremka kidogo kidogo. Tukachimba upya kwa kuzifuata, nusu ya shamba iliyobaki ikapata maji, tukala. Ndio huo mfereji unaouruka ukienda kanisani.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na kila kilichoundwa kimeundiwa kazi yake. Sikukatazi kuiga. Iga! Lakini kabla hujachora, uliza kitu kile kinafanya nini pale kilipo, na kama wewe unataka hilo hilo. Jani la mgomba likipigwa na upepo huchanika vipande vipande, ndivyo mgomba unavyopona usianguke. Je, bati la mama yako likichanika, mama atalala wapi? Fundi usimwite bado. Mvua ikianza watu watakimbilia ndani, wewe toka nje, simama mgombani, ulowe, uangalie. Maji yakimwagika hayazoleki, mimi nimeyaona yakienda.

Mungu akupe macho ya kuona, akupe na miguu ya kutulia. Hiyo miguu mimi nilinyimwa. Haya inuka, wingu lile limeshafika kilele cha Shengena. Twende mgombani.