Baba Aliyeruka Dirisha

Afisa wa watoto wa wilaya yetu alikuwa mtu wa Kaunda suti, na zote nilimshonea mimi. Kiuno chake nakijua, bega lake la kushoto lililolala nalijua, na kichwa chake pia nakijua: ndani hamkuwa na kitu. Simwonei. Mtu anayekuja kupimwa suruali na kalamu tatu zimechomekwa mfukoni, naye haandiki chochote, ni mtu wa namna gani?

Cherehani yangu ilikaa kwenye baraza la duka moja huku Shinyanga, ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi yake. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wamekwisha kuhamishiwa vijiji vipya, kila mtu ana shida yake ofisini. Wenye shida walingojea kwenye benchi langu kwa sababu lilikuwa na kivuli. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa mahakama, na kwa miaka yote tuliyoishi pamoja alinisimulia kazi yake wakati wa kula, nikaijua njia ya mambo hayo vizuri: afisa anapendekeza, hakimu anatia sahihi, na sahihi ikishatiwa, hata ulie mpaka sauti ikauke, mtoto ndiyo amekwenda. Basi wazazi walioitwa kwa habari ya watoto wao wakazoea kuanzia kwangu. "Mwangaluka, mayu," wananiamkia kwa Kisukuma, yaani habari za asubuhi, mama, halafu wanasimama hapo wamekunja kofia mkononi, na mimi najua leo hakuna kushona.

Wazazi wenyewe walinichosha, sitaficha. Kwetu Usukumani mkubwa habishiwi usoni. Akisema neno unaitikia ndiyo, kisha unarudi nyumbani unafanya ulivyotaka. Kwa mwenyekiti wa kijiji hilo halina madhara. Lakini mbele ya yule bwana! "Ulimwacha mtoto peke yake?" Ndiyo. "Humpi chakula?" Ndiyo. "Basi humtaki?" Ndiyo, mzee. Na mtu anatabasamu, eti ameonyesha adabu! Nilikuwa nawafokea pale barazani mpaka wapita njia wanasimama. Mkiulizwa jambo ambalo silo, semeni silo! Mtazameni usoni, msitazame vidole vya miguu! Baba aongee mwenyewe, asimlete kaka yake mkubwa kumsemea, maana yule ataandika kwamba baba hakujali! Wanaitikia ndiyo, mayu. Wanavuka barabara. Wanakwenda kusema ndiyo.

Sasa mwaka mmoja, wakati wa kuvuna pamba, walikuja mume na mke vijana kutoka vijiji vya huko Samuye. Binti yao wa kwanza, mtoto wa kama miaka miwili na nusu, alikuwa amelazwa hospitali kwa kuhara na kukonda. Pamba inaiva, nyumba yao katika kijiji kipya haijaezekwa, bwana shamba anapita akihimiza. Wakafanya kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya: wakamweka bibi mzaa mama wodini akae na mtoto, wao wakarudi shambani. Bibi akalala chini ya kitanda cha mjukuu wake, akapika uji nje kwenye mafiga ya hospitali, akamlisha kwa kijiko mpaka mashavu yakaanza kurudi. Unga ukaisha. Bibi akamwomba mwanamke wa kitanda cha jirani amwangalie mtoto, akaenda kwao kuchukua unga mwingine. Aliporudi, kitandani alilala mtoto wa mtu mwingine. Yule jirani alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Mjukuu wake alikuwa ameokotwa, na kwenye karatasi ameandikwa: ametelekezwa. Amepelekwa kituo cha watoto, na kituo chenyewe kilikuwa kikijiandaa kupeleka kundi la watoto Dodoma kwa treni, kwenye nyumba kubwa zaidi, ambako wangetafutiwa watu wa kuwalea.

Dodoma! Kwa watu ambao safari yao ndefu kuliko zote ilikuwa mnada wa ng'ombe. Mtoto yule angepanda treni ile, nani angemrudisha?

Bahati mbaya hawakuanzia kwangu. Walikwenda moja kwa moja kwa afisa, wenyewe, na bibi akiwafuata kwa mbali. Mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano nilipoona mguu wa mtu unatoka dirishani mwa ofisi. Mguu, kisha mgongo, kisha mwanamume mzima, akaanguka kwenye maua ya serikali, akainuka, akazunguka nyuma ya jengo mbio. Nyuma yake sauti ya afisa ikapaa: "Mkamateni! Mtuhumiwa ametoroka!" Mgambo mmoja akatoka na rungu, kofia imekaa upande. Wallahi nilicheka mpaka nikajichoma kidole.

Nilijua kilichotokea kabla sijaambiwa. Kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Akimwona njiani anaingia porini. Hawakai chumba kimoja, hawasemeshani. Huo si ugomvi, ni heshima, na anayeheshimu sana ndiye anayekimbia sana. Afisa, kwa hekima yake, alikuwa amemwita bibi aingie ndani bila kumtoa mkwewe kwanza. Bibi kasimama mlangoni. Kijana atoke wapi? Akatoka palipobaki.

Mgambo alimkuta ameketi nyuma ya jengo, ametulia, anangojea mkwewe atoke ili arudi kuendelea na shauri la mwanawe. Alikuwa hana habari kwamba ametoroka.

Mkewe alivuka barabara kuja kwangu akilia. Nikaacha kazi nikaenda. Nilimweleza yule bwana taratibu, kwa Kiswahili cha shule kabisa, maana alikuwa mgeni mkoani na nilitaka kumpa heshima ya kutojua. Nikasema, Ndugu Afisa, huyu hakukimbia maswali, kamkimbia mkwewe, ni mwiko. Na mtoto hakuachwa, alikuwa na bibi yake, ambaye kwetu ni sawa na mama. Akaegemea kiti. Akanitazama kama ninavyotazama kitambaa cha mtumba.

"Mama," akasema, "hizo ni mila potofu. Tunajenga taifa. Baba asiyeweza kukaa na mkwewe chumba kimoja ataweza kulea mtoto?"

Yeye mwenyewe mama mkwe wake alikaa naye nyumba moja na mtaa mzima ulisikia jinsi walivyoishi! Nilitaka kumwambia hivyo. Nilimchukia siku ile, na sijaacha. Lakini mtoto alikuwa mkononi mwake, nikameza. Nikaomba angalau anikubalie nifunge khanga katikati ya chumba, kijana akae huku, bibi akae kule, waulizwe wote wasikie. Akacheka. "Hapa si kilingeni." Akatoa masharti: watarudi kesho wote, wataketi mbele yake chumba kimoja, waonane, watoe maelezo kama watu wastaarabu. Wasipoweza, mtoto apande treni.

Barazani kwangu kijana akasema bora afe. "Basi kufa," nikamwambia, "na mwanao ataitwa wa watu wa Dodoma, atakuja hapa mtu mzima apite mbele yako usimjue. Wewe na heshima yako!" Mkewe alininyamazisha kwa mkono. Bibi alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta, hatumwoni, lakini nilijua anasikia kila neno.

Kesho yake wakaingia. Kijana alijifunika shuka mpaka kichwani, jasho linamtiririka. Bibi akaingia kinyumenyume ili asimtazame, akishika fremu ya mlango, kisha pembe ya meza, mpaka akafika kwenye kiti, akaketi uso umeelekea ukutani. Mwanamke wa umri ule! Yule bwana akamkonyeza mgambo, wakacheka. Mimi nikasimama katikati kutafsiri.

Maelezo yalikuwa mafupi. Mtoto aliugua, aliletwa, aliangaliwa, unga ukaisha. Hata mgambo aliona kwamba hakuna shauri hapo. Lakini afisa alikuwa amekwisha kumwambia hakimu kwamba mtoto ametelekezwa, na mtu wa Kaunda suti hawezi kurudi kwa hakimu kusema nilikosea. Akaigongagonga meza kwa kalamu. "Mtoto alikutwa peke yake," akasema. "Sasa mimi nataka kujua nani alimwacha. Lazima kuna mtu. Kama ni wazazi, mtoto haendi kwao."

Nikatafsiri. Kijana chini ya shuka akafungua mdomo, na nikajua, nikajua kabisa, kwamba anakwenda kusema ndiyo.

Bibi akamtangulia. Akauambia ukuta, kwa Kisukuma, kwa sauti ambayo mkwewe alikuwa hajawahi kuisikia: "Ni mimi. Niliachiwa mtoto nikamtupa. Wao hawakujua."

Nikamwambia kwa Kisukuma, bibi, si kweli, na mimi sitamwambia huyu maneno hayo.

"Nikisema hivyo watamrudisha kwa mama yake?"

"Watamrudisha."

"Basi sema kama nilivyosema."

Binti yake akaanza kulia kwa sauti. Nikasema. Afisa uso ukamng'aa, jamani, ukang'aa kwa furaha ya mtu aliyepata mwizi wake. Kwa mara ya kwanza nikaona moja ya zile kalamu inafanya kazi. Akaamua palepale, na hakimu akaja kutia sahihi bila kuuliza: mtoto arudishwe kwa baba na mama, ila bibi huyo asikae naye tena, asimlee, asimguse. Ofisi itafuatilia kijijini kwa mwenyekiti. Kisha akanipa mkono, akanishukuru kwa ushirikiano. Mkono nikaupokea. Nilikwenda kuunawa bombani.

Siku ya kumchukua tulisimama kwenye uwanja wa kituo. Afisa alikuja mwenyewe, amevaa suti niliyoimaliza mwezi ule, amesimama barazani pamoja na mlezi mkuu. Mtoto akatolewa, amenyolewa, amevalishwa gauni kubwa la watu. Mama yake akamnyanyua, na mtoto akakaa kimya tu begani, anatazama huku na huku. Kijana alisimama karibu na geti, ameshika karatasi yenye sahihi ya hakimu. Bibi alikuwa mbali kwenye ua, peke yake, amekuja tu kumwona akitoka.

Mtoto akamwona. Akanyoosha mikono yote miwili, akapiga ukelele, akajitupa mpaka mama yake akakaribia kumwangusha. Analia, anarusha miguu, anataka kule uani kwa mtu aliyemlisha uji kwa kijiko. Bibi akapiga hatua moja, akatazama barazani. Akarudi nyuma, akafunga mikono yake ndani ya khanga, akabaki hivyo, mtoto analia, yeye hamjibu.

"Unaona?" afisa akaniambia, ameridhika. "Hata mtoto mwenyewe anamwogopa. Nilijua tangu mwanzo."

Karatasi ilikuwa bado haijavuka geti. Mtoto alikuwa bado hajavuka geti.

"Ndiyo, mzee," nikasema.